Lori la Vita Liliwaka Mume Wangu Akiwa Chini Yake

Lile lori lilikaa msituni Vihingo tangu vita vya Mjerumani, bubu, halijatoa hata mlio.

Siku lilipowaka, mume wangu alikuwa amelala chini yake, ekseli imemkalia mapajani.

Na aliyeliwasha ni mimi.

Nyie mnaosoma hii kwenye simu, msiniharakishe. Mimi ni bibi sasa, nasimulia kwa mwendo wangu.

Ilikuwa masika ya mwaka 1954. Naitwa Zena. Mume wangu Kitwana alikuwa dereva wa lori la shamba moja la mkonge huku Kibaha, na tulikaa kwenye nyumba za kambi, upande wa Pangani ya hapo hapo Kibaha. Mtoto wetu, Tatu, ndiyo kwanza anajifunza kuongea.

Kitwana alifundishwa udereva na Keya, jeshi la Waingereza, akaenda nalo hadi Burma. Akarudi mzima, ila na ugonjwa mmoja tu: magari.

Si magari ya kupanda. Magari mabovu.

Alipokuja kwetu Vihingo, Kisarawe, kunioa, wazee wakamwonyesha lile lori. Waingereza walilikwamisha kwenye tope wakati wanamfukuza Mjerumani, wakaliacha, wakaendelea na vita vyao. Likawa la nyuki na nyoka. Baba yangu alilima muhogo kulizunguka.

Lilikuwa zito, jamani. Magurudumu yake ni mpira mtupu, hauna upepo ndani. Halina mlango, halina kioo. Magurudumu ya nyuma yanazungushwa na minyororo kama ya baiskeli, ila kila pete ina unene wa ngumi ya mtoto.

Baba akamwambia, "Mkwe, ukilitaka lichukue. Mimi kuni hazitoki humo."

Siku ya harusi yangu bwana harusi alitafutwa, akakutwa anakwangua kutu. Sisemi utani.

Tangu hapo kila Jumamosi akitoka kazini anapanda baiskeli, huyoo Vihingo. Watu wanamuuliza, "Kitwana, likipona utabebea nini? Mkaa?"

"Sibebi kitu."

"Sasa?"

"Nataka nilisikie tu."

Wakamwona hana akili timamu. Mimi mbele za watu nilinyamaza, ila nyumbani namchana. Mwenzio analala na mtoto peke yake, wewe unalala na chuma.

Yeye anatoa mfukoni kipande cha shaba alichokisugua mpaka kikang'aa, ananionyesha, kama vile ameniletea kanga.

Sasa ile wiki ya masika, Jumapili ikapita hajarudi.

Jumatatu asubuhi nyapara akasimama mlangoni kwangu. Hakuingia. Akasema, "Mama Tatu, kesho lori la shamba lisipoondoka na dereva wake, kazi hana. Na nyumba hamna."

Nikamwacha Tatu kwa jirani yangu Sikuzani, nikajifunga kanga, nikashika njia. Kwenye barabara nikapata lifti ya gari la kuni, kisha nikatembea. Mvua ilinipiga njia nzima.

Nikafika Vihingo mchana. Nikamkuta mama yangu, Mwanamkuu, yuko jikoni anafuta macho kwa moshi.

"Shikamoo mama. Yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko kwenye chuma chake tangu alfajiri. Jana kilitaka kuwaka kikagoma, basi ndiyo kimemtia wazimu. Hata uji hajaja kunywa."

Nikaondoka hivyo hivyo na maji yangu mwilini. Njiani napanga maneno.

Nikaliona lori pale kwenye bonde dogo, limeinamia kushoto. Miguu ya Kitwana inaonekana chini yake, viatu vimejaa tope.

Nikaanza. Nikamsema vizuri siku hiyo. Nyapara, nyumba, mtoto, uchumba wetu, yote nikayatoa. Yeye kimya. Kimya chake kikanizidisha hasira.

Nilipoishiwa pumzi ndipo nikamsikia. Sauti ndogo, kama ya mtu anayeomba maji.

"Mama Tatu, nimebanwa."

Nikainama.

Alikuwa ameingia chini kukaza mnyororo. Tope likaachia, gurudumu la nyuma la kushoto likazama, na ile ekseli, chuma kinachoshika magurudumu ya nyuma, ikashuka ikamkalia mapajani. Kichwa chake kilikuwa upande wa nyuma wa lori. Na maji ya mvua yalikuwa yanateremka kuja pale pale, yameshafika masikioni.

"Toka saa ngapi?"

"Nimeita mpaka nimechoka. Mvua inakula sauti."

Nikapiga ukunga. Mama akaja mbio.

"Mama, ita watu."

"Watu gani, mwanangu? Wanaume wote wameitwa Kisarawe kwenye baraza. Wamebaki watoto na vikongwe."

Nikachukua jembe, nikaanza kuchimba ubavuni kwake. Nikachimba kwa nguvu zangu zote. Lori likalia, likashuka. Kitwana akatoa mlio ambao sijawahi kuusikia kwa mtu.

"Usichimbe," akasema. "Ukichimba linashuka."

Jeki nayo ilikuwa imezama, mpini tu ndio unaonekana.

Maji yakazidi. Akawa anainua shingo ili apate hewa, shingo inachoka, inarudi majini.

Hapo mama yangu akafanya jambo ambalo sikutegemea kuliona.

Nyie mnajua mkwe ni nani kwetu. Mama yangu hakuwahi kula mbele ya Kitwana. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Siku ile alitambaa kwenye tope kutokea nyuma ya lori, akakaa ndani ya yale maji, akakiinua kichwa cha mkwewe, akakilaza mapajani pake.

"Nisamehe, baba," akamwambia.

"Nisamehe wewe, mama," Kitwana akajibu. Akalia. Mimi pia nikalia, lakini nalia huku natafuta cha kufanya na sikipati.

Nikamwambia, "Niambie. Wewe ndiye unayelijua. Niambie nifanye nini."

Akasema, "Liwashe."

"Kitwana."

"Hakuna nguvu nyingine hapa zaidi ya hilo lenyewe. Chukua yale magogo yaliyo hapo kando, yapange mbele ya gurudumu lililozama. Likienda mbele litapanda, ekseli itanyanyuka. Likirudi nyuma..."

Hakumaliza. Nyuma ndiko kulikokuwa na tumbo lake, kifua chake, na mama yangu.

Nikapanga magogo. Nikayasindilia kwa mateke.

"Sasa nisikilize, maana likiwaka hutanisikia tena," akasema. "Pale mbele kuna hendeli ya kuwashia. Izungushe kwa kuvuta juu. Likiwaka, panda. Kanyaga klachi kwa mguu wa kushoto. Mkono wa gia uko kulia kwako. Uvute kwako mpaka mwisho. Halafu achia mguu polepole."

"Navuta kwangu."

"Vuta kwako. Kabla hujaanza, fungua mafuta."

Alinielekeza bomba, nikafungua. Harufu ya petroli ikanijaa puani. Nikashika hendeli.

Mara ya kwanza haikutikisika. Mara ya pili ikazunguka nusu. Nikajaribu tena na tena mpaka viganja vikachubuka. Nyuma namsikia mama anasoma dua, sauti inatetemeka kwa baridi.

Nikasema moyoni, wewe chuma, miaka miwili umenila mume wangu, leo nilipe.

Nikavuta kwa hasira. Hendeli ikarudi nyuma kwa kasi, ikanipiga. Nikasikia kitu kimekatika kwenye kifundo cha mkono wa kulia, ka! kama ukuni mkavu.

Nikakaa chini kwenye tope.

"Zena," Kitwana akaita. Sikuwahi kusikia akiniita jina tangu Tatu azaliwe. "Maji yamefika mdomoni."

Nikasimama. Nikashika kwa mkono wa kushoto.

Likawaka.

Siwezi kuusimulia ule mlio. Haukuwa kama wa magari ya sasa. Ulikuwa mzito, wa polepole, kama moyo wa mnyama mkubwa aliyeamshwa. Ardhi ilitetemeka mpaka kwenye meno yangu. Majani ya muhogo yakawa yanacheza.

Nikapanda. Nikageuka kutazama nyuma. Nikaona mkono wa mama umenyooka juu, unapunga, mdomo wake wazi. Sikusikia neno. Nikajua wananihimiza.

Nikakanyaga klachi. Nikapeleka mkono wa kulia kwenye gia.

Mkono ukagoma. Vidole havikushika. Wa kushoto ulikuwa umeng'ang'ania usukani, na kiti chenyewe ni ubao hauna egemeo, nikiuachia nadondoka. Nikajaribu kuvuta tena, nikaona giza.

Sikuweza kuvuta. Nikausukuma ule mkono wa gia kwa kiwiko.

Ukaenda mbele, ukasaga, ukaingia. Nikasema basi, gia ni gia, Mungu anajua.

Nikaachia mguu.

Lori likaruka kama limechomwa sindano. Nikasikia magogo yanavunjika. Nyuma ikanyanyuka, ikanyanyuka, kisha ikatua kwa kishindo. Nikafumba macho. Sikujua namna ya kulisimamisha, maana hilo hakuniambia. Likapita kwenye muhogo wa baba, likagonga kichuguu, likazima.

Kimya. Mvua tu.

Niligoma kugeuka. Kweli kabisa, niliona bora nikae pale juu mpaka nife kuliko kugeuka.

Kisha sauti ya mama. "Zena. Yu hai."

Wanaume waliporudi jioni walimbeba kwa kitanda hadi barabarani Kisarawe, gari la mkaa likamfikisha hospitali Dar es Salaam. Paja moja lilikuwa limevunjika likaunga. Mguu wa pili ekseli ilipita nao hadi kwenye unyayo. Wakaukata chini ya goti.

Kazi ikaenda. Nyumba ikaenda. Tukarudi kuishi Vihingo, kwetu mimi. Mwanamume kuhamia ukweni, na mguu mmoja, mnaelewa wenyewe.

Kitwana aliacha kuongea. Alikuwa anakaa upande wa nyumba ambako lori halionekani. Mvulana akitaja neno lori mbele yake, anaomba fimbo aondoke. Nilikuwa namwosha, namlisha, namsemesha, kama naongea na ukuta. Zilikuwepo siku nilificha kamba na visu.

Siku moja namfunga kidonda, akasema ghafla, "Ile gia uliishikaje?"

"Sikuishika. Mkono ulishavunjika. Niliisukuma kwa kiwiko."

"Uliisukuma?"

"Ndiyo. Nisamehe, sikuweza kufanya kama ulivyosema."

Akanitazama.

"Nilikosea," akasema. "Maumivu yalinichanganya. Kuvuta ni kurudi nyuma. Nilikumbuka lilipokwisha kuwaka. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika, nakwambia usivute. Mama akakupungia."

Kitambaa kikanidondoka.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia atoke. Nilimsukuma. Akanishika kichwa kwa nguvu zaidi, akasema, mwanangu yuko juu na wewe uko chini, mimi niende wapi."

Nilitoka nje nikamtafuta mama. Alikuwa anapepeta mchele. Nikamkumbatia kwa nyuma, ungo ukamwagika, akanigombeza. Hatukuwahi kulizungumza.

Sasa hapa ndipo mtanishangaa.

Mnunuzi wa vyuma alikuja kutoka Dar, na tindo na nyundo, alikate lile lori alibebe vipande. Kitwana akamwambia, "Chukua." Hakugeuza hata shingo.

Mimi nikatoka ndani nikasema, "Haliuzwi."

Sikujua naenda kusema hivyo. Lilinitoka.

Ukweli ni kwamba ule mlio ulikuwa haujaniacha. Nilikuwa nausikia nikitwanga, nikiswali, nikimlaza Tatu. Nililichukia lile lori, lilinivunja mkono likamla mume wangu mguu. Lakini nililitoa kwenye usingizi kwa mikono yangu, na kitu ndani yangu kilikuwa kinalitaka tena.

Mkono ulipopona nikaanza kwenda kule kwa kisingizio cha muhogo. Naondoa tope. Napaka grisi. Nafungua bomba, nasafisha kwa kanga chakavu, narudisha. Nakosea, nafungua tena. Wanawake wenzangu wakasema ugonjwa umenihamia.

Hadi asubuhi moja ya kiangazi likawaka tena.

Nikalikalia. Nikalizungusha polepole kwenye kiwanja, sibebi kitu, siendi popote. Nacheka peke yangu kama mwehu, huku nalia, kwa sababu nilijua nyumbani anasikia na kila mngurumo unamchoma.

Nilipozima, nikamwona. Amesimama kwenye kona ya nyumba, ameegemea fimbo, uso umelowa. Nikashuka tayari kwa matusi yoyote.

Akasogea hatua moja.

"Silinda ya tatu haichomi," akasema. "Huisikii?"

"Siisikii."

"Washa tena nikuonyeshe."

Mimi sisemi chuma ni kitu chema. Ninachosema ni hiki: ukiona mwenzako anapenda kitu kisichomwingizia chochote, usimcheke wala usimgombanishe nacho. Nenda kaketi naye hapo siku moja ya jua, uulize kinaitwaje na kinafanyaje. Mimi nililisikia lori la mume wangu kwa mara ya kwanza akiwa anazama chini yake, na ningeweza kulisikia mapema, tukiwa wawili, tukiwa wazima.