Msindikizaji wa Bwana Mihuri

Kwa miaka kumi na tisa alikagua kliniki za upasuaji mdogo, zile ambazo mgonjwa huingia asubuhi akatoka jioni. Alipima mitungi ya oksijeni, akawasha jenereta kwa mkono wake, akasoma tarehe za dawa moja moja. Asiyetimiza masharti hakupata leseni. Madaktari walimbandika jina la Bwana Mihuri, na alipoingia tu, vicheko vilikatika.

Mkewe alikuwa amefariki. Mtoto hawakujaliwa.

Ngiri ilipomzidi, alikwenda kupasuliwa kwenye kliniki aliyoipitisha mwenyewe. Nesi akafungua jalada.

"Mzee, nani atakupeleka nyumbani?"

"Nitachukua teksi."

"Dereva hahesabiki. Anatakiwa mtu mzima wa kukaa nawe mpaka kesho."

Sharti hilo alilijua. Kliniki mbili alikuwa amezifungia kwa kulipuuza.

Akampigia mpwa wake.

"Mjomba, mbona hukusema mapema? Kufika huko ni safari ya siku nzima!"

Kweli, hakusema. Mara ya mwisho kuongea naye ni walipomzika mkewe.

Nesi akamhurumia, akamsogezea kalamu. "Andika jina lolote tu. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," akasema, akavaa viatu, akarudi nyumbani na ngiri yake.

Siku tatu alijizungusha chumbani. Ya nne akabisha hodi kwa jirani, mjane fundi cherehani, ambaye kwa miaka minane maongezi yao yaliishia kwenye "habari" na "nzuri".

"Dada, nina ombi. Si dogo."

Akamweleza. Fundi akampima kwa macho.

"Kaka, kazi yangu kupima watu, lakini wewe ulinishinda. Nilidhani hutaki mtu."

"Hata mimi nilidhani hivyo."

Fundi akaenda naye kliniki. Sehemu ya msindikizaji kwenye fomu aliijaza mwenyewe, akaketi kwenye benchi kutwa akishona vifungo kwa mkono. Jioni alimshika kiwiko ngazi kwa ngazi, akalala kwenye kochi la mzee lililojaa magazeti. Asubuhi alipika uji, akaosha sufuria.

"Haya, kaka. Wateja wananingoja. Ugue pole."

Mlango ukafungwa. Punde cherehani ikaanza kunguruma upande wa pili wa ukuta. Bwana Mihuri alitaka kumwita amshukuru tena, maana alikuwa amesema "asante" moja tu, kavu. Akausogelea ukuta ili aite. Jina la fundi hakulijua, hakuwahi kumuuliza.