Gari Lililofunikwa Blanketi Zetu

Juzi nilipita mtaa wa Amalemba nikalikuta kwenye yadi ya magari: lile gari dogo jekundu la Baba, la milango mitatu, lililokuwa likinguruma kama la mashindano. Muuzaji akaniambia magari ya aina hiyo yanapanda bei kila mwaka, hasa yasiyo na mkwaruzo.

"Madam, hii ilitunzwa kama mtoto," akasema akipigapiga boneti.

Nikakumbuka alasiri ile ya utotoni mvua ya mawe ilipoanza kupiga mabati yetu. Baba aliingia chumbani, akazoa blanketi zetu zote, akakimbia nje kulifunika gari.

"Baba Muhonja, na watoto je?" Mama aliuliza.

"Watoto wako na moto. Gari iko na nini?"

Mimi nilidhani gari lina malaria, maana kwetu wagonjwa ndio waliofunikwa hivyo, nikaliombea lipone. Jioni tulijifunika magunia ya mahindi, huku blanketi zilizolowa zikining'inia jikoni, zikinuka moshi na petroli. Mdogo wangu alikohoa hadi shule zikafunguliwa.

Sasa nililizunguka gari lile. Kweli, halikuwa na hata alama moja.

"Kama mtoto yupi?" nikamfokea muuzaji. "Mtoto wa mwenye gari hili ni mimi, na blanketi iliyolifunika ilikuwa yangu!"