Mkanda wa Sidi na Mkaja wa Mamake

"Huo si mkanda, mama! Huo ni tandiko la punda!" Hannah alipiga kelele mpaka kuku wa jirani wakanyamaza. "Na punda mwenyewe ndiye huyu, kashika kiuno tena!"

Sidi alikuwa amechuchumaa katikati ya ua, mkanda kiunoni, mkono mmoja mgongoni. Mbele yake palikuwa na jiwe la saruji, duara kama tikiti maji, na chini ya jiwe palikuwa na mtungi wangu, yaani vigae vyake. Maji yalikuwa yamefika kibarazani.

"Sijaumia, mama. Nimeshikwa na kizunguzungu tu."

"Mwaka jana pia kilikuwa kizunguzungu tu! Nikakuogesha wiki tatu kama mtoto mchanga."

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu nachambua mchicha, uso umetulia kama wa mtu asiyejua lolote. Nikasema, "Mkaza mwanangu, usimkemee mtoto. Mimi kwa umri wake nilibeba kinu kutoka Kaloleni mpaka Mariakani. Ndani ya kinu mna mahindi, na juu ya mahindi kakaa mama mkwe wangu anatwanga."

"Anatwanga?"

"Hakupenda kupoteza wakati."

Sidi akacheka. Kicheko kikamchoma mbavu, akashika kiuno mara ya pili, na hapo ndipo Hannah alipotoa neno lake. "Nisikilizeni nyote wawili. Mashindano ya Kilifi ni Jumamosi. Siku nitakayomwona kwa macho yangu haya anainua jiwe hili, analitua, na mkono hauendi kiunoni, siku hiyo nitafunga mdomo wangu. Kabla ya hapo, Kilifi haendi!" Akajitwika beseni lake la viazi karai, akaenda zake barabarani kuuza.

Hannah si mkorofi. Ni mke wa mwanangu Kazungu, na huyu Sidi ndiye binti yake wa pekee. Sidi alizaliwa papa hapa mtaani kwetu Muyeye, kwenye chumba kile cha pili. Alikuwa mzito hata mkunga alimwinua mara moja, akamrudisha kitandani, akaomba chai kwanza. Hilo si la kutunga. Yale mengine huwa natunga kidogo, lakini hilo la chai nililiona.

Alipomaliza shule alikaa nyumbani mwaka mzima akipeleka barua za kuomba kazi kwenye hoteli. Siku moja akampelekea baba yake chakula machimboni, kule wanakokata mawe ya kujengea. Akakuta lori linasubiri na mpakiaji mmoja hakuja. Sidi akaweka sufuria chini, akaanza kupakia. Wanaume wakacheka mpaka lori lilipojaa. Baada ya hapo wakamwuliza kama kesho atakuja.

Dereva wa lile lori alikuwa Okoth, Mjaluo mmoja mpole aliyekuja pwani zamani akasahau kurudi. Jioni Okoth hufundisha watu kunyanyua vyuma nyuma ya nyumba yake. Ana magurudumu ya lori, ana magogo, ana mawe ya duara aliyoyamimina mwenyewe kwa saruji. Akamwambia Sidi kwamba kuna mashindano ya wenye nguvu, na wanawake wamo. Sidi alidhani anachezewa. Kitu anachokifanya kila siku apate unga, kumbe kuna watu wanakipigia makofi!

Basi akawa anapakia mchana na kufanya mazoezi jioni, mpaka masika ya mwaka jana alipoteleza na jiwe mikononi. Mgongo ukamshika. Alipopona, Okoth akamwambia hagusi tena jiwe la duara bila mkanda wa kunyanyulia.

Wiki hii akaenda kwa Mahadhi, anayeuza mitumba ya viatu na mikanda sokoni. Mahadhi ni mtu wa imani. Alimpa mikanda miwili. "Mtu hanunui kiatu kwa kusimuliwa, dada yangu. Nenda kaijaribu yote. Ijumaa baada ya swala niletee usioutaka."

Wa kwanza ulikuwa wa ngozi, mnene kama kidole gumba, mpana sawasawa mbele na nyuma, na bizimu ya chuma yenye meno mawili. Wa pili ulikuwa wa kitambaa kizito, mpana nyuma na mwembamba mbele, unashikana kwa kunata kama viatu vya watoto wa chekechea. Mimi niliupenda ule wa ngozi. Ulikuwa na heshima. Huo ndio niliomwambia Sidi ajaribu, na huo ndio aliokuwa nao kiunoni mtungi wangu ulipokufa.

Jioni ile Okoth akaja kutazama.

"Shikamoo, nyanya."

"Marahaba. Jiwe lako limeniulia mtungi."

"Pole. Sidi, huu mkanda ulikufunga nani?"

Sidi akageuza macho kwangu. Mjukuu msaliti!

"Nilimsaidia," nikasema. "Kwani kufunga kiuno ni kazi ya kusomea? Mimi nimefunga mikaja ya nusu ya wazazi wa mtaa huu."

Huku kwetu mwanamke akijifungua hufungwa mkaja. Ni kitambaa kirefu, huzungushwa tumboni na kukazwa hasa, ili tumbo lirudi mahali pake. Mzazi huambiwa atoe pumzi yote, avute tumbo ndani, kisha ndipo unakaza. Ukisikia analalamika, unakaza tena. Basi ndivyo nilivyomfanyia Sidi. Toa pumzi, vuta tumbo, nikapeleka bizimu matundu mawili mbele, nikamwambia, haya, inua.

Okoth alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe lake. "Nyanya, huu si wa kurudisha tumbo. Huu ni ukuta. Sidi anavuta pumzi mpaka chini, tumbo linasukuma ukuta, nao ukuta unalisukuma tumbo, mgongo unatulia hapo katikati. Sasa wewe umemfunga hana pumzi hata kidogo. Atasukuma na nini?"

"Na mimi nilisikia," Sidi akasema, "macho yalitaka kutoka."

"Mbona hukusema?" nikamwuliza.

"Nilikuwa sina pumzi ya kusemea, hawe!" Hawe ndivyo anavyoniita, yaani bibi.

Nikarudi kukaa kwenye kigoda changu. Si kwa kushindwa; nilikuwa nafikiri. Okoth akamfunga tena ule wa ngozi, safari hii vizuri, akamwambia ainame kama anayekwenda kulikumbatia jiwe. Sidi akainama, akakunja uso. Ukingo wa juu ulikuwa unamchoma mbavu na wa chini unamkata nyonga. Nikainuka, nikamshika ubavuni. Kutoka mfupa wa mwisho wa mbavu mpaka mfupa wa nyonga nikapata vidole vinne. Nikaupima mkanda. Vidole vitano, na kucha juu yake.

"Vidole vitano havikai penye vidole vinne," nikasema.

"Na hii bizimu," Okoth akaongeza, "jiwe la duara hupanda likipita hapa tumboni. Litakwama kwenye chuma."

Basi ule wenye heshima ukawekwa kando. Sidi akavaa wa kitambaa. Mbele ukamkaa pale pale penye vidole vinne, akainama, uso haukukunjika. Lakini ulishonewa mtu mwenye kitambi. Sidi aliuvuta mpaka mwisho wa kunata, na bado alipotembea ulimshuka kama sarawili ya marehemu.

"Fundi ataupunguza," Okoth akasema.

"Ukikatwa Mahadhi hataupokea tena," Sidi akajibu, "na sijajua kama unanifaa." Akaufungua, akaushika tu mikononi. "Labda mama anasema kweli. Niache ya Jumamosi."

Sikuipenda sauti ile. Sidi ninayemjua mimi hasemi labda.

"Niachieni mimi," nikawaambia.

Alhamisi mchana Hannah alipokwenda na beseni lake, nilifungua sanduku lake. Ufunguo huuweka chini ya Biblia. Alidhani mimi nisiyejua kusoma sitafika pale. Nikatoa mkaja wake, pamba nzito ya merikani, iliyokuwa nyeupe zamani na sasa ina rangi ya chai ya maziwa. Ndio niliomfunga mwenyewe alipomzaa Sidi. Kwa kuwa nilifunga mimi, nikahesabu kwamba nusu yake ni yangu, nikachukua hiyo nusu, na nusu nyingine ikafuata.

"Hawe, mama atatuua," Sidi akasema.

"Atakuua wewe. Mimi nitakufa kwa uzee. Simama."

Nikaikunja ile merikani ikawa na upana wa vidole vinne, nikamzungushia mara mbili. Juu yake tukafunga mkanda. Haukushuka. Nikamwambia ajaze tumbo, ajaze kabisa, kama mtu aliyeshiba pilau ya harusi ya watu. Nikapenyeza vidole viwili pembeni. Vikaingia kwa taabu, lakini viliingia. Okoth alikuwa safarini na lori, kwa hiyo mwalimu nilikuwa mimi, Mungu atusamehe.

Sidi akaliinamia jiwe. Akalivuta mpaka mapajani, akakaa nalo hapo, akavuta pumzi. Niliona mkanda ukijaa. Akasimama nalo, akalipandisha likamteleza taratibu tumboni mpaka kifuani, akaliweka juu ya pipa tupu lililosimama pale uani. Pipa likalia ngoo. Tukatazamana.

"Tena," nikasema, kwa maana mara moja inaweza kuwa bahati.

Akalishusha. Akapumzika. Akainama tena, na mimi, ili asiwe na wasiwasi, nikamsimulia habari ya mkaja wangu wa kwanza. "Nilifungwa na mavyaa, yule mama mkwe wangu, akaukaza kwa mguu ukutani. Siku arobaini. Nilipokuja kuufungua tulikuwa kwetu Ngomeni, watu wameanika samaki. Basi upepo uliotoka kwenye lile tumbo, mjukuu wangu, ulikwenda na samaki, ukaenda na vichanja, ukamchukua na imamu mmoja mpaka..."

Lango likafunguliwa. Hannah akaingia na chupa tupu ya mafuta mkononi.

Nikakatisha. Imamu nikamwacha huko huko angani.

Sidi alikuwa na jiwe kifuani, hawezi kugeuka. Pindo la merikani lilikuwa limechungulia chini ya mkanda, na Hannah aliliona, nilimwona akiliona. Sidi akapiga hatua mbili, akaliweka jiwe juu ya pipa. Ngoo. Akalikumbatia tena, akaliteremsha, akalitua mchangani polepole kama anayetaga yai. Akanyooka. Mikono ikashuka, ikaning'inia ubavuni, ikabaki hapo; kiunoni haikwenda.

Hannah akafungua kinywa. Akanitazama mimi. Akaitazama ile mikono ya mwanawe.

Akakifunga.