Mzee Baltazar na Maneno ya Mahindi

Irene Mushi alikuja Minneapolis kutoka Machame kusomea theolojia, akabaki. Sasa ni mchungaji katika hospitali moja mjini. Kazi yake ni kukaa na wagonjwa wa dini yoyote, na kuwaombea wanaotaka. Huko ndiko alikokutana na Mzee Baltazar, Mmaya, mmoja wa wenyeji wa asili wa milima ya Guatemala, aliyelazwa kwa maradhi ya moyo. Binti yake Micaela, mwenye mimba kubwa, ndiye aliyewatafsiria.

Kijijini kwao mzee alikuwa msomaji wa maandiko. Lakini kitabu hakuwa nacho. Vitabu vya Wamaya, alisema, mapadre wa Kihispania walivichoma moto zamani sana, na wazee wakayaandika upya waliyoyakumbuka, kwa herufi za wageni, kwa siri. Nakala aliyorithi yeye aliifukia wakati wa vita, askari walipokuwa wakichoma nyumba. Aliporudi kuichimbua, mvua ilikuwa imeshaiozesha. Yaliyobaki yalikuwa kichwani mwake.

"Yanasemaje, mzee?" Irene aliuliza.

"Kwamba waumbaji walitufinyanga kwa udongo, tukayeyuka. Wakatuchonga kwa mti, tukakosa moyo. Mwishowe wakatumia mahindi."

Irene akacheka. "Basi sisi ni ndugu. Mimi nimelelewa kwa ugali."

Mzee naye akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaeleza kwamba kwao hizo si hadithi za kupitisha wakati. Maneno hayo husemwa watu wanapopanda, na mtoto anapopewa jina. Asiyesomewa hajui ametoka wapi, wala amshukuru nani.

Irene akashauri wamrekodi kwenye simu. Mzee akatikisa kichwa.

"Yanasemwa mbele ya mtu, mkiwa mnatazamana. Mjukuu wangu akizaliwa, nitamsomea."

Wiki ile ile akapigwa na kiharusi. Ulimi ukamfia mdomoni.

Mtoto alizaliwa theluji ikianza kuanguka. Micaela akamleta wodini, akamlaza kifuani pa babu yake. Mzee akafungua kinywa, akajitahidi, ikatoka sauti moja tu, "ma, ma," tena na tena, machozi yakimchuruzika mpaka masikioni. Micaela akatoa kitabu cha maneno hayo kwa Kihispania alichokuwa amenunua, akaanza kusoma. Mzee akageuza uso kuelekea ukutani.

"Mchungaji, nimekosea?" Micaela aliuliza.

"Hukukosea," Irene alisema, ingawa hakuwa na hakika.

Mzee alikufa kabla ya Jumapili. Makaburini Micaela akampigia simu binamu yake Guatemala, asome kwa lugha yao. Sauti ikaja ikikatikakatika kwa upepo, kisha ikapotea kabisa. Micaela alikuwa ameambulia maneno machache tu. Akamfunika mtoto vizuri, akaomba waondoke.

Irene akaendesha gari hadi kwake Burnsville. Hakuvua hata koti; akampigia simu mama yake huko Machame.

"Mama, bibi alikuwa anasema nini alipokuwa akibariki mbegu?"

"Mh! Nani anayakumbuka hayo, mwanangu? Tulikuwa tunamwona midomo inacheza tu. Hatukumwuliza."

Chumba cha pili wanawe walikuwa wakibishana kwa Kiingereza.

"Vipi, huko baridi imeanza?" mama aliuliza.

"Imeanza, mama."