Mlango wa Tisa

Nikisikia harufu ya plastiki inayoungua, hata kama ni jirani tu anachoma takataka zake ng'ambo ya ua, mimi huacha ninachokifanya, hufunga madirisha yote na kukaa chini. Watoto wangu wamenizoea. Wao hudhani nina pumu, nami sijawahi kuwasahihisha, kwa sababu pumu ni rahisi kuieleza. Kabla harufu hiyo haijawa ya moto, ilikuwa harufu niliyoipenda kuliko zote. Ilikuwa ya plastiki mpya iliyopata joto la stima, imechanganyika na udi na mahamri ya iliki, na ilipatikana katika nyumba moja tu mjini Kitui, nyumba ya kina Zuhura, vyumba viwili nyuma ya msikiti. Miaka ya tisini ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Nilikuwa nikiamka, naosha sufuria za muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, haraka haraka, nyingine zinabaki na ukoko, kisha nakimbilia kule kabla mama hajanitafutia kazi nyingine.

Zuhura alikuwa mwenzangu wa darasa la tano na rafiki yangu wa pekee. Watu wao walitoka Malindi, lakini yeye alizaliwa Kitui, na akigombana, Kikamba chake kilikuwa kikali kuliko changu. Baba yake alikuwa dereva wa malori huko Saudia, na mwanzoni mwa mwaka huo alimpa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani kisanduku awaletee. Ndani mlikuwa na tende, kanga za mama yake, na mashine ya gemu: kijisanduku cha kijivu, rimoti mbili zenye nyaya fupi, na kaseti moja ya manjano ya kuchomeka juu. Nyuma ya kaseti hiyo baba mtu alikuwa ameandika kwa wino mweusi, kwa mwandiko wa mtu asiyeandika mara nyingi: Zuhura, usiwanyime wenzako. Sijui kama mzee wa watu alifikiria mwenzake huyo angekuwa mtu wa namna gani.

Gemu yenyewe leo ingechekwa. Kulikuwa na vijitu viwili, kimoja chekundu na kingine cha bluu, vinapanda ngazi, vinaruka mashimo, vinaokota funguo. Mwisho wa kila hatua palikuwa na mlango, na mbele ya mlango mawe mawili. Mlango haukufunguka mpaka vijitu vyote viwili visimame, kila kimoja juu ya jiwe lake, kwa wakati mmoja. Ukicheza peke yako ulifika mlangoni ukasimama hapo kama mtu aliyesahau alichotumwa. Milango ilikuwa tisa, na sisi tulikuwa tumevuka minane. Mashine haikuwa na kumbukumbu. Ukiizima, kesho unaanza mlango wa kwanza. Kwa hiyo kila siku tulipanda upya, tukafika wa tisa vidole vimekufa ganzi, na kila siku mmoja wetu alitumbukia shimoni hatua mbili kabla ya jiwe lake.

Rimoti moja ilikuwa na kasoro. Kitufe chake cha kurukia kilikwama, ikabidi ukibonyeze kwa ukucha na kukivuta tena juu. Na mama yake Zuhura alikuwa na sheria moja tu katika mambo ya gemu: mgeni hupewa rimoti nzima. Mimi nilikuwa mgeni kila siku kwa muda wa nusu mwaka. Zuhura hakuwahi kunung'unika. Alikaa kushoto kwangu mkekani, ukucha wake wa kidole gumba umeisha kwa kukikwangua kile kitufe, huku akinisuta, "Ruka, wewe! Unangoja upelekwe na mzee wa kijiji?" Nyumbani nilikuwa nimemwambia mama kwamba naenda kwa kina Zuhura kufundishwa Kiswahili cha pwani. Mama alikuwa mtu wa kanisa kwelikweli, mwimbaji wa kwaya na mmoja wa wamama wa maombi, na televisheni tu kwake ilikuwa jambo la kuulizwa maswali. Lakini insha zangu zilipanda alama muhula huo, basi akanyamaza.

Mwishoni mwa Julai habari zikaja kwamba baba yake Zuhura amekufa kwenye ajali ya barabarani. Alizikwa huko huko. Hakikurudi chochote, hata nguo, hata saa yake ya mkono. Shule zilipofungwa, Zuhura na mama yake wakajiandaa kwenda Malindi kwa hitima na kukaa na ndugu wa marehemu wiki tatu. Nyumba ingebaki tupu, na mtaa wetu ulikuwa na wezi wasiopita mlango uliofungwa kwa kufuli bila kuuvunja. Asubuhi ya safari Zuhura alinijia na ile mashine imefungwa ndani ya foronya, akanipa mikononi. "Nikutunzie hadi lini?" nikamuuliza. "Hadi nirudi," akasema. "Halafu tuufungue ule wa tisa. Nimeota kuna kitu." Alikuwa bado anaamini, kwa namna ambayo hakuisema lakini mimi niliielewa, kwamba baba yake aliijaribu ile gemu kabla ya kuituma na kwamba alijua kilichokuwa nyuma ya ule mlango. Niliificha chini ya kitanda changu, nyuma ya viatu.

Wiki ya pili, mdogo wangu Mutinda akaugua. Alikuwa na miezi tisa. Joto lilimpanda hadi macho yakageuka, akashikwa na degedege mara mbili kabla jua halijatoka. Mama alimbeba mbio hadi hospitalini, akadungwa sindano ya malaria, wakaambiwa wamrudishe nyumbani na wamlete tena kesho yake. Mjini kulikuwa na mkutano wa injili uwanjani juma hilo zima, na mhubiri aliyetoka mbali alikuwa akifundisha kwamba mapepo huingia nyumbani kwa kujificha ndani ya vitu. Kila jioni watu walikuwa wakileta hirizi, mikufu na vibuyu vya wazee wao, na kila siku pipa la moto lilikuwa likijaa. Kwa hiyo saa nane mchana wamama wa maombi walipokuja kwetu, hawakuja kuomba tu. Walikuja kupekua, kama walivyopekua nyumba nyingine. Walitoa kigoda cha babu nje. Walikunjua mablanketi. Kiongozi wao, Mama Kasyoka, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole ambaye alikuwa akinisuka nywele bila malipo, aliuliza mara ya mwisho, "Katika nyumba hii kuna kitu ambacho si cha Bwana?"

Hawakuwa wameangalia chini ya kitanda changu. Nataka hilo lieleweke. Walikuwa wameshachoka, mmoja alikuwa ameanza kuvaa viatu. Ningenyamaza dakika moja tu, wangeondoka. Tena mimi sikuamini kwamba mashine ile ina pepo. Niliijua ndani nje. Nilijua hata ilipokuwa ikipata joto. Lakini Mutinda alikuwa akikoroma vibaya mapajani mwa mama, na tangu azaliwe mama hakuwa ameniangalia usoni kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kunituma maji. Nikasema, "Kipo." Wakageuka wote. Mama akageuka. Nikainama, nikavuta foronya, na Mama Kasyoka akauliza, kwa upole ule ule, "Ni cha nani, mwanangu?" Ningejibu kwamba ni cha mtu, wangenituma nikirudishe kwa mwenyewe, hawakuwa wezi wale wanawake, walikuwa watu wa haki. Nikasema, "Ni changu."

Niliambiwa nikibebe mwenyewe hadi uwanjani, kwa sababu anayetoa kwa mkono wake ndiye anayefunguliwa. Jua lilikuwa kali. Watu walitupisha njia, wengine wakiimba, na mama alitembea kando yangu, mkono mmoja umemshika mtoto mgongoni na mwingine uko begani mwangu. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu mama aliponishika hivyo hadharani. Nilikuwa na furaha, na hilo ndilo ninaloshindwa kumweleza mtu. Nikatia mashine pipani, kisha rimoti, ile nzima na ile mbovu. Kaseti niliishika kidogo. Mwandiko ulikuwa juu, nikaugeuza chini ndipo nikaitupa. Moshi wake ulikuwa mweusi na mzito, ukatuingia puani, na mhubiri akasema hiyo ndiyo harufu ya adui akitoka.

Usiku huo Mutinda alilala, na asubuhi akanyonya. Mimi leo najua sindano ilifanya kazi yake, na nadhani hata mama alijua. Lakini Jumapili alisimama kanisani akatoa ushuhuda, kisha mimi nikaitwa mbele niseme neno, nikasema, na watu wakasema amina. Nilipewa soda. Kwa wiki nzima nilikuwa mtoto wa maana katika mtaa wetu.

Kisha wakarudi. Zuhura alikuja kwetu moja kwa moja, bado ana vumbi la safari na mfuko wa embe zilizokaushwa alioniletea. Mama ndiye aliyetoka. Aliposikia maneno "gemu yangu", alinitazama, halafu akaketi kwenye jiwe la kufulia. Mwaitu, kama tunavyomwita mama sisi Wakamba, alikuwa mgumu lakini hakuwa mwongo. Alimwambia ukweli wote palepale. Jioni alimpeleka mbuzi wetu wa pekee kwa mama yake Zuhura kuomba radhi, na mama yake Zuhura, ambaye alikuwa bado kwenye eda ya mumewe na hapokei mambo ya nje, alituma mtu amrudishe mbuzi pamoja na sahani ya mahamri. Alisema kilichokwisha kimekwisha. Zuhura aliniuliza swali moja tu, tumesimama pale kwenye jiwe la kufulia. "Na kaseti pia?"

"Na kaseti pia," nikasema.

Aliniachia mfuko wa embe mkononi akaenda zake. Muhula wa tatu alihamia dawati la nyuma. Hakunisema kwa mtu yeyote, laiti angenisema. Mwaka uliofuata walihamia Malindi kabisa, na mimi nilisikia habari hiyo dukani, kutoka kwa mtu aliyekuwa akinunua sukari.

Sasa naishi katika mji wa Wote, nina kazi ya ofisini na mashine ya gemu inayonishinda hata kuielewa vizuri. Mimi ni mshabiki, sikatai, mwanamke mzima wa miaka hii. Na Mutinda, yule yule aliyeombewa, ana kibanda cha kuchezea gemu mjini Kitui, televisheni sita ukutani, watoto wamejaa, na mama hupita kumsalimu akitoka kanisani bila kusema lolote. Jumapili alasiri mimi na Mutinda hucheza kupitia mtandao, yeye kule na mimi huku, na asipokuwepo nacheza na watu wa nchi nisizozijua. Ni ajabu, nakubali. Unabonyeza, na kabla chai haijapoa umeshapata mwenzako. Lakini ukishindwa kidogo anatoka bila kwaheri, unapewa mwingine. Hakuna anayejua mwenzake ameshika rimoti ya aina gani. Hakuna mgeni, kwa hiyo hakuna wa kupewa iliyo nzima. Nimecheza na maelfu na sikumbuki hata mmoja.

Mwaka jana Mutinda aliipata ile gemu ya zamani mtandaoni, bure, akidhani atanifurahisha. Tukaipanda pamoja. Mikono yangu ilikumbuka kila shimo. Tulifika mlango wa tisa kwa muda usiozidi saa moja, tukasimama juu ya mawe, ukafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Kioo kilikuwa cheusi kwa muda mfupi, kisha vile vijitu vikatokea tena chini kabisa ya ngazi, mbele ya mlango wa kwanza. "Ndiyo hivyo tu?" Mutinda akauliza, akicheka. Nikamwambia stima imepotea kwangu, nikatoka.

Namba ya Zuhura niliipata katika kundi la simu la tuliosoma pamoja. Nilimwandikia nikafuta, nikamwandikia tena, mwishowe nikatuma: kwamba ni mimi Mwende, kwamba sijasahau, kwamba siku hizi mtu anaweza kucheza akiwa Malindi na mwenzake akiwa Wote, na kwamba ningependa nimnunulie mashine, rimoti zote nzima. Alijibu kesho yake mchana. Alinisalimia vizuri. Akauliza kama mama yu hai na kama yule mtoto alipona. Nikamwambia alipona. Akaandika, "Alhamdulillahi. Mimi sijashika gemu tangu siku ile, Mwende, usihangaike." Halafu, nilipodhani amemaliza, akaandika tena: "Ulishawahi kuuvuka ule wa tisa?"

 Nikamdanganya. Nikaandika, "Hapana."

"Basi sawa," akajibu, na hajaniandikia tena.