Buloni Zilizovutika

Wakati wa vita, lori la Gitega halikwenda Muyinga peke yake. Magari yalikusanyika asubuhi, wanajeshi wakakaa mbele na nyuma, na msafara ukishaondoka haukumsubiri mtu. Ukikwama mlimani, umekwama. Kwa hiyo madereva walikuja gereji kwangu, mtaa wa Yoba, wakitaka jambo moja tu: nguvu.

Nguvu ilikuwa kwenye pompi inayopeleka mazuti, yaani dizeli, ndani ya injini. Ina skurubu iliyofungwa kwa muhuri wa risasi tangu kiwandani, ili mtu asiiguse. Mimi nilikata ile risasi, nikageuza skurubu kidogo, mazuti yakaingia kwa wingi, na lori kuukuu likapanda kilima kama linafukuzwa. Moshi ulikuwa mweusi, lakini nani angejali moshi? Nilisoma ufundi sekondari, na mwalimu wetu alitufundisha wazi kwamba mazuti yakizidi, joto linazidi, mgandamizo ndani ya silinda unazidi, na kitu fulani humo ndani kitashindwa. Sikuwa nimesahau. Niligeuza skurubu ya lori moja, likafika. Nikageuza ya jingine, nalo likafika. Nikaacha kufikiria.

Mmoja wa wateja hao alikuwa Mkongomani, mtu wa Uvira, mcheshi, mdogo kwangu kwa umri, aliyeniita yaya, yaani kaka. Alikuwa amekimbia vita vya kwao na lori lake, na lori hilo ndilo kitu pekee alichovuka nacho. Alianza kwa kubeba ndizi za Makebuko na Gishubi kuzileta sokoni mjini. Kazi nyepesi, injini haikuwa na shida. Barabara za huko zilipofungwa akapata mzigo wa chumvi kwenda Muyinga, akaja kwangu.

"Yaya, nifungulie hii pompi," alisema. "Mi siwezi bakia nyuma kule juu. Kule hata Mungu anapita mbio."

Nikamfungulia. Safari ya kwanza alifika akarudi, lakini alirudi akitoa moshi mweupe na kuongeza maji kila penye mto. Jwenti ilikuwa imeungua. Jwenti ni bamba jembamba linalokaa kati ya injini na kulasi, yaani kile kifuniko kizito cha juu, ili moto usikutane na maji. Jwenti mpya tulipata. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameificha chini ya kitanda kama mahari. Kilichokosekana ni buloni mpya, yaani bolti, za kubana kulasi. Mipaka ilikuwa imefungwa na hakuna aliyekuwa nazo.

Nilizifungua za zamani, nikazifuta, nikazipanga juu ya gunia, vichwa vyote upande mmoja. Baadhi zilikuwa zimezipita nyingine kwa urefu. Buloni ikishavutwa kupita kiasi haibani tena, hata ukiikaza namna gani. Nilizirudisha hivyo hivyo. Nikaweka bomba refu kwenye ufunguo wa kukazia, nikakaza. Nyingi zilikataa kwa ugumu, ndivyo inavyotakiwa. Nyingine ziliendelea kuzunguka, laini, kama nakaza ndani ya ugali. Mkono wangu ulijua. Nikapangusa grisi.

Alikuwa amekaa juu ya tairi anakula muhogo.

"Iko sawa, yaya?"

"Iko sawa."

Sikumdanganya kwa sababu yoyote kubwa. Nilikuwa nimechoka, na lori jingine lilikuwa linangoja mlangoni. Miaka ile tulisema "iko sawa" juu ya kila kitu.

Nilipanda naye safari hiyo kwa sababu nilikuwa na injini ya kutazama Muyinga. Alipakia mpaka juu ya mbao, chumvi na sabuni, kamba zikalia. Kabla ya kuwasha alinitazama akacheka.

"We sema bismillahi yako, mi naomba kwa Yesu. Kwenye kilima tutaona nani anasukuma."

"Wewe kanyaga mafuta," nikamwambia, "hao wana kazi nyingine."

Tulienda vizuri. Tulipita Karuzi, jua likawa kali, akaimba. Kisha kikaja kilima kirefu, na katikati yake nikaona mshale wa joto unasogea. Yeye aliuona baada yangu. Kukawa na sauti ndogo, kama mtu anayepuliza kati ya meno. Maji yakaruka kutoka kwenye rejeta, kioo kikafunikwa na mvuke, na lori likaishiwa nguvu chini yetu. Akapiga breki, nikaruka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Magari ya nyuma yalipita kwa pembeni, honi juu ya honi. Gari la wanajeshi lilikuwa la mwisho. Mmoja wao aliinama kutoka juu.

"Nyinyi, sukumeni hicho kitu mtaroni mpande! Upesi!"

"Afande, ngoja kidogo injini ipoe," dereva akasema. "Iko na shida ya maji tu, nitaongeza maji."

"Maji utaongeza mbinguni. Unapanda, hupandi?"

Dereva alinigeukia. Alitaka fundi aseme. Nilijua haikuwa habari ya maji. Nilisema, "Tupande."

"Niache hii?" Aliweka kiganja kwenye mlango wa lori. "Hapana. We nenda, yaya. Kesho watapita wengine."

Nikapanda. Sikugeuka kutazama. Nakumbuka kwamba miguu ya mwanajeshi ilikuwa juu ya begi langu na kwamba nilikuwa na kiu. Muyinga nilikula mishikaki na ndizi, nikalala vizuri.

Alifika kesho yake mchana kwa miguu, vumbi hadi kwenye nyusi, ufunguo wa gari ukining'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Alinikuta kwenye mgahawa karibu na soko, akakaa mbele yangu.

"Wamechoma," alisema. "Chumvi wamebeba kwanza. Mi nilikuwa nimelala ndani ya migomba, nikaona."

Sikuuliza akina nani. Wakati ule hatukuuliza.

Alikunywa maji yangu, kisha akasema polepole, "Yaya, ile jwenti ilikuwa mpya. Mi mwenyewe nilishika. Ni nini ilishindwa?"

"Buloni. Zilikuwa zimevutika."

"Uliona?"

"Niliona wakati nakaza."

Nilingoja apige meza, anitukane, aite watu. Alitazama ufunguo, akaugeuza geuza.

"Ungeniambia," alisema, "ningepakia nusu."

Na ni kweli. Kwa nusu ya mzigo zile buloni zingeshika. Kwa skurubu iliyorudishwa mahali pake na nusu ya mzigo angekuwa nyuma kidogo tu ya wenzake. Hesabu hiyo ningeweza kuifanya kule Yoba, mkono ukiwa bado na grisi. Sikuifanya kwa sababu aliuliza tu kama iko sawa, na mimi sikutaka aulize zaidi.

Akaagiza chai. Alipomaliza akasema, "Asante kwa maji," akatoka.

Siku ya msafara wa kurudi Gitega nilimtengea nafasi pembeni yangu juu ya magunia ya maharagwe. Alinisalimu kwa adabu, akaenda kupanda lori jingine.