Siku Tuliyoikataa Jenereta

Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja ya kijijini, upande wa Ulemo, mkoani Singida, miaka ile ya soko huria tulipoambiwa kwamba kila kitu sasa ni kuchangia. Madarasa tuliyajenga wenyewe kwa tofali za kuchoma. Nguzo za umeme hazikuwa na mpango wa kufika kwetu. Wanafunzi wa kidato cha nne walirudi jioni kujisomea kwa karabai mbili, na moja ilikuwa na tabia ya kuzima wakati swali ndiyo kwanza limeanza kueleweka.

Siku moja alikuja afisa kutoka wilayani pamoja na mfanyabiashara aliyevaa miwani ya jua. Walikuta kamati ya shule imeketi darasani. Mwenyekiti wetu alikuwa mzee mfugaji, umri wa baba yake huyo afisa, lakini afisa hakumwamkia. Aliweka barua mezani, imeshapigwa chapa, pamoja na kidau cha wino.

"Mmepata bahati," alisema. "Huyu bwana anawauzia jenereta kwa bei ya kutupa. Wekeni sahihi, iletwe wiki hii."

Mimi nilikuwa mwakilishi wa walimu na mwanamke peke yangu mezani pale. Niliuliza, "Inakunywa dizeli kiasi gani kwa saa?"

Mfanyabiashara alicheka. "Mama, hii ni mashine, siyo ng'ombe. Hainywi sana."

"Sana ni kiasi gani?"

Afisa alinikatiza. "Mwalimu, usitupotezee muda. Mzee, weka kidole hapa."

Mzee hakujua kuandika. Alikitazama kidau, akaitazama ile barua, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Nikishaweka kidole, mafuta atanunua nani?"

Afisa alikisogeza kidau karibu naye. Dizeli ilikuwa ikitoka Shelui kwa madumu, na bei ya jana haikuwa bei ya leo. Mzee aliurudisha mkono wake mapajani. "Basi kidole changu hakina haraka," alisema.

Ndipo nikasema tutazame sola. Afisa aligeuka kama aliyetukanwa. "Sola ni za misheni, watu wenye wafadhili. Nyinyi mna mfadhili gani?"

"Jua la huku kwetu halijawahi kuomba mfadhili," nilimjibu. Waliondoka bila kuaga. Kamati ikanituma Singida Mjini kuulizia bei.

Nilizunguka madukani siku nzima. Mwenye duka mmoja tu ndiye aliyekubali kukaa nami akanieleza paneli ni nini na betri kazi yake ni ipi. Bei aliyonitajia ilinikausha mate. Halafu akaongeza: "Paneli utazeeka nazo. Betri zitakufa baada ya miaka michache, lazima mnunue nyingine. Atakayekuuzia bila kukuambia hivyo ni mwizi."

Nilirudi na karatasi yangu moyo ukiwa mzito. Mwalimu mwenzangu alinishauri habari ya betri niinyamazie. "Ukiwaambia hiyo, wazazi watakukimbia. Acha wanunue kwanza."

Nilikataa. Yule wa miwani alikuwa ametuficha mafuta. Nami ningewaficha betri, tofauti yetu ingekuwa nini?

Siku ya mkutano wa wazazi niligawa ubao kwa mstari mmoja. Upande mmoja nikaandika jenereta, bei yake ndogo, na chini yake dizeli, wiki baada ya wiki, bila mwisho. Upande wa pili paneli, bei kubwa, na chini yake neno BETRI kwa herufi kubwa kuliko zote.

Mama mmoja mkulima wa alizeti alisimama. "Kwa hiyo, mwalimu, hizo betri tutazilipia tena?"

"Ndiyo, mama. Tutazilipia tena."

Watu waliguna. Nilijua nimeshindwa. Lakini yule mama hakuketi. Alisogea mpaka ubaoni, akaupitisha mkono upande wa dizeli, chini kabisa mpaka kwenye ukuta. "Hii ya betri naijua siku yake, nitajiandaa," alisema. "Hii nyingine inaniamsha kila Jumatatu. Nakataa."

Tulikubaliana kila kaya itoe debe la alizeti kila msimu, na sehemu iwekwe kando kwa ajili ya betri. Misimu miwili ilipita kabla ya kununua. Paneli zilitosha vyumba viwili tu, na wapo waliotucheka kwamba tumenunua vioo. Jioni ya kwanza taa zilipowaka, wanafunzi hawakupiga hata makofi. Walifungua madaftari wakaendelea na kazi, na mimi nikatoka nje nikalia peke yangu nyuma ya darasa.

Barua kutoka wilayani ilikuwa imeshanifikia kabla ya hapo. Afisa alinitaka nieleze kwa nini nimewachochea wananchi. Nilijibu kwa sentensi moja: niliwafundisha kujumlisha, ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Mkuu wa shule alinisihi niongeze neno la kuomba radhi. Sikuongeza.

Uhamisho ulitoka muhula uliofuata baada ya taa kuwaka: Itigi, kwenye mji wa reli, ambako sikuwa na ndugu wala jamaa. Walidhani wamenikomesha. Betri za kwanza zilipokufa, nilisikia kwamba wazazi walinunua nyingine bila kumwomba mtu. Huko Itigi nilikuta shule ina giza lilelile. Wiki yangu ya kwanza, kabla sijapata hata kitanda, nilimwendea mkuu wa shule, nikamwamkia, nikamuuliza kamati yake hukutana siku gani.